Kopo la Shelui

Ugomvi wa kwanza kati yangu na mama juu ya samaki ulikuwa ugomvi wa maji. Ilikuwa Mei 2015, mvua zimekwisha, bomba la mtaani kwetu Singida mjini linatoa maji siku linapojisikia, na siku nyingine zote tunanunua kwa dumu kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Mama alinikuta nyuma ya nyumba namwaga nusu ndoo kwenye shina la mpapai. Akasimama, mkono kiunoni.

"Hayo maji yana nini?"

"Samaki wameyachafua, mama. Lazima niwabadilishie."

"Samaki wameyachafua." Akarudia polepole, kama mtu anayeonja mboga asiyoiamini. "Maji ya kununua. Haya mwanangu, na wakitaka soda utaniambia."

Nilinyamaza, maana sikuwa na la kujibu. Hata leo sina. Ukiishi kwenye mji ambao maji yake ya visima ni magumu, yanawapaka watoto meno rangi ya kahawia, na hata hayo yenyewe ni ya kugombania, kufuga samaki wasioliwa ni jambo la kujieleza kwa mtu.

Msomaji, usije ukadhani nilikuwa na tangi la kioo lenye taa na mapovu kama yale ya kwenye hoteli za Dar es Salaam. Nilikuwa na beseni moja la bluu, ndoo mbili za plastiki, na kipande cha chandarua nilichokishonea kwenye duara la waya. Wala samaki wenyewe sikuwatoa Kigoma, ingawa kila aliyewaona aliuliza hivyo. Ni kweli Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa perege, karibu zote hazipo ziwa jingine lolote duniani, na kwa miaka mingi zimekuwa zikipakiwa kwenye ndege kwenda kuogelea sebuleni kwa watu Ulaya na Marekani. Wangu mimi niliwatoa kwenye dimbwi lililokanyagwa na ng'ombe.

Ilikuwa Januari ya mwaka huohuo. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na anayengoja matokeo hana kazi nyumbani ila kuudhi watu. Mama akanituma kwa mjomba Shelui, kule chini ukishateremka mlima Sekenke, mahali mbuga ya Wembere inapoanzia. Mvua zilikuwa zimepiga wiki tatu. Kando ya njia ya ng'ombe kulikuwa na dimbwi la maji ya rangi ya chai ya maziwa, halifiki magotini, na watoto wa mjomba walikuwa wakivua humo kwa kanga kuukuu. Nikachungulia ndani ya kanga. Nikaona kitu kinachong'aa.

Dume lake halizidi urefu wa kidole. Magamba ni ya bluu, kila gamba lina ukingo mwekundu kama limepigwa wino, na mkia ni mwekundu wa kukoza. Jike lake, maskini, ni la kijivu tupu, ungelipita bila kuligeukia. Watoto waliwaita samaki wa mvua. Bibi akaniambia wanashuka na mvua kutoka mawinguni. Nilicheka kimoyomoyo, si nilikuwa na Baiolojia ya kidato cha nne kichwani! Lakini nilipojiuliza mwenyewe wametoka wapi, dimbwi ambalo Oktoba lilikuwa vumbi na nyufa za kuingiza mguu mzima, halina mto wa kuingia wala wa kutoka, niliona sina jibu linaloshinda la bibi.

Nilibeba sita kwenye dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya alizeti. Niliona nimelisuuza vya kutosha. Basi lilipomaliza kupanda Sekenke, watatu walikuwa wanaelea ubavu juu, na juu ya maji kuna utando wa mafuta unaometameta kama upinde wa mvua. Wakabaki dume mmoja na majike wawili. Hao ndio wazee wa ukoo wote nitakaousimulia.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wetu wa zamani wa Baiolojia. Nilimpelekea dume kwenye chupa ya maji. Akalitazama kwenye mwanga, akaniambia jamii yake inaitwa Nothobranchius, na kwamba lisingemaliza mwaka. "Hata ulilishe nini. Ndivyo walivyoumbwa." Kisha akasema neno ambalo nimelishika: "Wakifa, usimwage tope."

Baadaye nilisoma zaidi. Mwaka 1891 Mjerumani Hilgendorf, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Berlin, aliipa jina aina moja ya jamii hii, Nothobranchius taeniopygus, na mwaka 1905 likachapishwa jina la nyingine, Nothobranchius neumanni, kwa heshima ya Oscar Neumann aliyepita nchi hizi kati ya 1893 na 1895 akikusanya viumbe. Zote mbili ni samaki wa Tanzania ya kati. Katika andiko lilelile la 1905 ndimo alimopewa jina perege wa maziwa yetu ya magadi, yule wa Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Yaani samaki wa madimbwi yetu walifika Berlin, wakatiwa kwenye chupa za pombe kali na kuandikiwa karatasi, wakati bibi yangu mwenyewe hajazaliwa.

Siri yao iko kwenye yai. Dume humbana jike ubavuni, wakajibanza chini kwenye tope, akamfunika mgongo kwa pezi lake, wakatetemeka, likatoka yai moja. Moja tu. Kisha wanaanza tena, na tena, siku nzima, kila siku, kwa muda wote wa maisha yao mafupi. Yai lenyewe ni kama milimita moja, gamba lake ni gumu ajabu, ukilibonyeza kwa kidole linaruka. Dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa, na mayai yanabaki ndani ya ule udongo mweusi wa mbuga unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Kijusi kilichomo kinasimama. Hakifi wala hakikui, kinangoja. Kuna vituo vitatu vya kusimama katika ukuaji wake, na si mayai yote yanayosimama kituo kimoja kwa muda mmoja. Ikinyesha mvua ya uongo mwezi wa Novemba, mengine yanaanguliwa na kuangamia dimbwi likikauka tena, lakini mengine hayadanganyiki. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba ndugu zao wa Msumbiji, aina iitwayo furzeri, wanaweza kukomaa na kutaga siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Siku kumi na nne! Binadamu hata jina hajapewa.

Wafugaji wa Ulaya hutumia mboji maalumu ya kule kwao badala ya tope. Singida utaipata wapi? Mimi nilichana sofa la zamani la marehemu baba, lile lililojazwa usumba wa nazi, nikauchemsha usumba mara nne mpaka maji yakaacha kutoka mekundu, nikautandaza chini ya beseni. Wakautagia bila kinyongo. Kila baada ya wiki mbili naukamua kwa mkono mpaka unabaki na unyevunyevu kama tumbaku, naufunga kwenye mfuko, naweka mwingine.

Dume alikufa Juni, baridi na upepo wa Singida ukiwa umeshika kasi. Majike yakafuata. Mama akaosha beseni lake siku ileile, akaanikia mtama. Mifuko yangu mitatu ikahamia jikoni, kwenye rafu juu ya jiko la mkaa, kwa sababu chumbani kwangu usiku kulikuwa na baridi mno na mayai yakipoa hayaendelei. Mama hakuipenda. "Jikoni mwangu kuna unga, kuna chumvi, kuna kaburi la samaki." Matokeo ya mtihani nayo yalikuwa yametoka. Tuyaache.

Desemba, mvua ya kwanza ya kweli, nikakinga maji ya bati. Usiku kabla ya hapo nilikuwa nimechukua mayai machache nikayamulika kwa tochi: ndani ya kila yai kulikuwa na macho mawili yenye duara la dhahabu, yananitazama. Nikafungua mfuko mmoja, nikautia kwenye beseni, nikamwagia maji ya baridi. Nikakaa. Saa nzima hakuna kitu, ila vipande vya usumba vinaelea. Nilienda kusonga ugali. Niliporudi nilimkuta mama amechuchumaa mbele ya beseni, khanga ameikusanya magotini.

"Kuna vitu vinatembea humu," akasema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

Vilikuwa kama vipande vya kope. Nilihesabu hadi 40 nikapoteza hesabu. Mama hakuondoka. Baada ya muda mrefu akauliza swali la mama yeyote: "Wanakula nini hawa?"

Kuanzia hapo kazi ikawa ya watu wawili, ingawa yeye hajakiri mpaka leo. Siku za mwanzo watoto hawa wanataka chakula kilicho hai na kidogo kuliko wao wenyewe. Tulikwenda kuchota maji ya madimbwi ya mtaani, tukayachuja kwa kitambaa cha chujio la chai, tukapata wadudu wa maji wasioonekana vizuri kwa macho. Wiki ya pili viluwiluwi vya mbu vidogo. Majirani walidhani tunafuga mbu. Mwaka wa pili walipata ugonjwa wa vumbi la dhahabu mwilini, wakawa wanajikuna kwenye ukingo wa beseni, nikapoteza nusu kabla sijajua kwamba chumvi ya kawaida, kijiko cha chai kwa lita 5 hivi, ingewaokoa. Maji ya bomba niliyalaza wazi usiku kucha dawa itoke. Na maji machafu sikuyamwaga tena kwenye mpapai peke yake. Mama alinipa ratiba: leo mpapai, kesho mchicha, keshokutwa anapooshea ndoo za kuku. Hivyo 2016, hivyo 2017, hivyo 2018. Kila Desemba wanaanguliwa, kila Juni wanakwisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Machi 2019 nilikwenda Itigi kumwona dada yangu aliyejifungua. Kando ya njia, nje kidogo ya mji, nikaona dimbwi. Mtu akishakuwa na ugonjwa huu hawezi kulipita dimbwi. Nikavua kwa chandarua changu, na wakatoka samaki wa mvua! Lakini madume yao mapezi yalikuwa na njano ambayo wangu hawakuwa nayo. Niliwaona wazuri kuliko wa Shelui, nisiseme uongo. Nikarudi Singida na majike mawili na madume matatu, safari hii kwenye dumu jipya kabisa, na nilipofika nikawamimina kwenye beseni moja na wa Shelui. Mbona shambani mtu akipata jogoo mzuri wa kijiji cha pili anamleta kwake? Ndivyo nilivyofikiri. Wakatagiana.

Juni ile serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi tukalazimika kuhamisha mayai kutoka mifukoni kwenda kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kazi hiyo aliifanya mama, mimi nilikuwa nimepata kibarua cha kushona sare. Nilikuta makopo yamepangwa kwenye rafu, sikuyaangalia sana.

Desemba wakaanguliwa watoto wa mchanganyiko. Wakakua wazuri jamani, bluu na nyekundu na ile njano pembeni. Februari 2020 mwalimu wetu alimleta nyumbani mgeni, mzee mmoja mtafiti wa samaki aliyekuwa anapita Singida. Alipiga magoti barazani na suruali yake safi. Alitabasamu. Akaniuliza, "Hawa wa dimbwi gani?"

Nikajibu kwa majivuno, "La Shelui na la Itigi."

Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakabadilika. "Wote pamoja?"

"Wote pamoja."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza, kwa upole kabisa, kwamba samaki hawa hawatembei. Maji ya Wembere yanakwenda Kitangiri, kisha kwa mto Sibiti hadi Eyasi. Wa bonde lile wameishi na wenzao wa bonde lile tangu zama hizo, na wa kule Itigi vivyo hivyo na wenzao. Wanaweza kuwa aina moja, wanaweza kuwa mbili, na njia ya kujua ni kuwa nao walivyo. Ndiyo maana wafugaji wanaojua kazi yao huandika kwenye kila chombo mahali na mwaka walipovuliwa, na hawachanganyi hata madimbwi mawili yanayofanana. "Hawa wako," akasema, "ni samaki wazuri. Lakini hawana kwao."

Nilijipa moyo: dimbwi la Shelui si lipo? Nitakwenda kuchukua wengine.

Nilikwenda Januari 2021. Mjomba alinipokea kwa furaha, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ananivuta mkono. "Twende nikuonyeshe kitu." Akanipeleka njia ileile ya ng'ombe. Mahali pa dimbwi palikuwa na lambo. Kiangazi kilichopita katapila lilikuja likachimba, likapandisha kingo, na sasa maji yamejaa pana kama uwanja wa mpira, na ng'ombe wanakunywa upande huu na kina mama wanateka upande ule. Mjomba alisema hayatakauka tena hata Oktoba. Walikuwa wameshatia kambare na perege.

Mayai yale yanahitaji kukauka ili yamalize safari yao, na hata yakianguliwa, kambare si mwenzao wa kuishi naye. Nilijua hayo nikiwa nimesimama pale. Nikamwona mke wa mjomba anajitwisha ndoo. Miaka yote niliyomjua alikuwa akitoka alfajiri kufuata maji na kurudi jua limepanda. Akaniita, "Umeyaona maji yetu, mwanangu?" Ningesema nini? Mimi niliyewahi kumwaga maji ya kununua kwenye mpapai? Nikasema nimeyaona, shangazi, ni mazuri. Na yalikuwa mazuri.

Mimi na binamu yangu tulizunguka siku tatu. Tulipiga chandarua madimbwi kumi na moja. Vyura, viluwiluwi, kambare wadogo.

Nilimsimulia mama jioni niliyorudi. Alikuwa anapepeta mchele. Aliacha kupepeta, akaingia jikoni, nikasikia makopo yanagongana. Akatoka na kopo moja lenye masizi, kwenye plasta ubavuni kaandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: SHELUI 2018. USIMWAGE.

"Hili ulilisahau nyuma ya unga," akasema. "Mimi nililiandika wakati ule wa kuhamisha. Nilisema kama mtu anaandika debe la mbegu, kwa nini asiandike hili?"

Usumba ulikuwa mkavu kupita kiasi, miaka miwili na nusu juu ya jiko. Nikaulowesha usiku uleule. Asubuhi wanne walikuwa wameanguliwa. Watatu walitambaa kwa tumbo chini ya beseni, kifuko cha hewa kimegoma kujaa. Hao hawaponi, walikufa ndani ya wiki. Mmoja aliogelea. Nililowesha tena usumba ule mara mbili baadaye, haukutoa kitu.

Alikuwa dume. Wiki ya sita mkia ulikoza, mwekundu uleule niliouona kwenye kanga Shelui. Aliogelea peke yake kwenye beseni la bluu, na kila nikipita anakuja kwenye ukingo kana kwamba ameitwa.

Mama hakustahimili. "Huyu mtoto wa watu mbona yuko peke yake?"

"Hana mwenzake."

"Na wale wa kwenye ndoo?"

"Wale ni mchanganyiko, mama."

"Mchanganyiko." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Baba yako Mnyaturu, mimi Mnyiramba. Wewe ni nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamweleza yote aliyoyasema yule mzee, mabonde na maji yake, na makosa yangu ya Itigi. Alisikiliza vizuri. Hakusema yule mzee amekosea. Akauliza tu, "Na huyu akifa hivi hivi, Shelui itakuwa wapi?"

Nilikaa na swali hilo siku tisa. Siku ya kumi nikachagua jike la mchanganyiko, moja lenye afya, nikalitia kwenye beseni. Dume alilizunguka mara moja, akatandaza mapezi yake yote, wakashuka kwenye usumba.

Mwezi wa Mei niliukamua ule usumba. Mayai 60 na kitu. Nikayatia kwenye kopo lilelile, nikabandua plasta ya zamani, nikabandika mpya, mama amesimama juu yangu ameshika kalamu. "Andika ukweli," akasema. Nikaandika: SHELUI ROBO TATU, ITIGI ROBO. MEI 2021.

Akalichukua, akalisoma, akaninyang'anya kalamu na kuongeza chini yake: USIMWAGE. Akalirudisha kwenye rafu, safari hii mbele ya unga.